Wiki Niliyomburuza Shoga Yangu Hospitali

Shoga yangu alininunia siku mbili nzima kwa sababu mdoli wangu wa kuvalisha nguo hakuitikia salamu yake.

Mwanzoni sikujua kosa langu. Mimi ni fundi cherehani. Kibaraza ninachofanyia kazi kipo mbele ya nyumba tunayopanga, kwenye mtaa unaokatisha Msimbazi hapa Kariakoo, na kwenye pembe ya pili ya kibaraza hicho hicho ndipo yeye anapochoma vitumbua vyake kila asubuhi. Chumba chake na changu vinatazamana, katikati ukumbi tu. Zaidi ya miaka ishirini tumeishi hivyo. Yeye ni mtu wa Lindi, Mwislamu, mjane. Mimi ni Mchaga wa Marangu, Mlutheri, na mume wangu hakufa, aliondoka kwa miguu yake mwenyewe. Watoto wetu walikulia ua mmoja, wakaoa, wakaolewa, wakahama. Tukabaki sisi wawili kuudhiana.

Ijumaa alipita mbele yangu kama anayepita ukuta. Jumamosi vilevile, tena kitumbua changu cha asubuhi, ambacho huniwekea pembeni bila kuombwa, hakikuja. Ilipofika saa nne sikuvumilia.

"Kwani mimi nimekukosea nini?"

"Unaniuliza mimi?" Aliweka bakuli chini. "Jumatano nakusalimia, umeamkaje shoga, umesimama tu pale umejishika kiuno, kimya. Nikasema labda hajasikia. Alhamisi nikakusalimia kwa sauti mpaka watu wa ng'ambo ya barabara wakaitika. Wewe kimya. Na kiuno umejishika! Mimi na wewe tumefikia kushikiana viuno?"

Niligeuka nikamtazama mdoli. Alikuwa amesimama kwenye nguzo, mahali pake pa siku zote, amevaa gauni la mteja, mkono mmoja kiunoni. Wa plastiki. Pua imebonyea tangu alipoangushwa na upepo.

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Halafu nikaacha kucheka. Nilisimama, nikamshika shoga yangu kidevu, nikamgeuzia uso kwenye mwanga. Katikati ya jicho la kulia palikuwa na weupe, kama tone la tui. La kushoto nalo lilikuwa limeanza kuingia ukungu.

"Toa mikono yako," akasema.

Nilichukua sindano na uzi mezani nikampa. "Tunga."

Aliulamba uzi, akausokota, akauchomeka hewani mara nne. Mara ya tano akanirudishia. "Sindano za siku hizi hazina matundu."

Kesho yake kanisani likatolewa tangazo ambalo kama ningeliomba kwa kufunga nisingelipata vizuri zaidi. Kuanzia Jumatatu hadi Ijumaa madaktari wa macho watakuwepo katika hospitali moja upande wa Ilala, watapima watu na kuwapasua wenye mtoto wa jicho. Nilirudi nyumbani nusu nikikimbia. Nilimkuta uani amekaa kwenye mkeka, anachagua mchele kwa ncha za vidole huku uso umeelekea kwingine kabisa. Nilishangaa ni siku ngapi nimemwona akichagua mchele hivyo nisitie akilini.

"Macho yangu mazima," akasema nilipomaliza. "Taa za mji huu ndizo mbovu."

"Saa sita mchana, taa gani?"

"Basi jua."

"Kesho tunaenda."

"Inshallah."

Nimeishi naye miaka ya kutosha kuzijua inshallah zake. Ipo ya kweli, na ipo ya kufungia mlango. Hii ilikuwa ya kufungia mlango, na mimi kwa ujinga wangu nikaenda kulala nikiamini tumeelewana.

Jumatatu alisema mchele umeshalowa, lazima auze kwanza. Hilo nililielewa, mali ya mtu haitupwi. Tukakubaliana saa tatu. Saa tatu nilitoka nimevaa, nimebeba mkoba, nikakuta jiko la mkaa limezimwa na bakuli zimefunikwa. Yeye hayupo. Aliyekuwepo ni mzee wa chumba cha mbele, mtu wa Rufiji, ambaye alibeba mizigo bandarini tangu ujana wake mpaka mgongo ulipogoma, na sasa kazi yake ni kukaa mlangoni na redio na kuwaeleza watu mambo.

"Kaenda msibani Buguruni," akaniambia.

"Msiba wa nani?"

"Shemeji wa yule mama aliyekuwa akimletea mkaa zamani."

Nilimngoja. Kwenye cherehani nilikuwa na magauni manane ya sare ya harusi, ya bluu, wenyewe wanayataka Jumamosi mchana, lakini kila nikikanyaga pedali nasikia mtu mlangoni natoka kuchungulia. Alirudi saa kumi.

"Marehemu alikuwa mtu mzuri sana," akasema huku akivua viatu.

"Ulikuwa unamjua?"

"Hapana. Wanasema."

Jumanne sikumpa nafasi. Nilimsimamia tangu kitumbua cha kwanza hadi cha mwisho, nikamshika mkono, nikaita bajaji, nikamtia ndani, nikakaa upande wa kutokea. Njia nzima alilalamika kwamba namvuta kama mwizi. Hospitali palikuwa pamejaa wazee kutoka kila kona ya mji, mabenchi yameenea hadi chini ya mti. Nikaandikisha jina lake, nikapewa kikaratasi cha namba, tukakaa. Tulikaa sana. Ilipobaki watu sita akaniambia, "Ngoja nikajisaidie." Nikasema nikupeleke? Akasema chooni hata mtoto huenda peke yake.

Hakurudi.

Jina lake likaitwa mara ya kwanza, mara ya pili. Ya tatu nikasimama na kile kikaratasi ili nieleze. Nesi, dada mmoja mwembamba aliyekuwa na haraka zake, alikitazama, akanishika bega akanikalisha kwenye kiti.

"Funika jicho la kushoto, mama."

"Mwanangu, siyo mimi..."

"Mama tafadhali, foleni ndefu. Hii herufi miguu yake imeangalia wapi?"

Nikamjibu, nifanyeje? Juu. Kulia. Chini. Nilijibu vizuri tu, nikaanza hata kujisikia. Kisha akanipa karatasi yenye maandishi madogo nishike mkononi, na hapo mambo yakaharibika. Niliisogeza mbali, nikaileta karibu. Maandishi yalikuwa yakitembea.

"Unafanya kazi gani, mama?"

"Fundi cherehani."

Aliinua macho akanitazama, na sikuipenda hata kidogo ile tazama yake. "Na sindano unatunga mwenyewe?"

Ndipo nilipopata nafasi ya kumweleza kwamba mgonjwa ametoroka. Alicheka mpaka akashika meza. Akasema nimlete siku yoyote kabla Ijumaa haijaisha, na mimi mwenyewe nikatafute miwani ya kusomea, akaniandikia kabisa namba ya lenzi zake. Nikatoka pale na cheti cha macho ambacho sikukiomba, na mgonjwa sina.

Nilimkuta uani anaparua samaki.

"Ulichelewa sana," akasema, "nikaona nitangulie."

Mimi si mtu wa matusi. Niliingia chumbani, nikafunga mlango, nikakaa kitandani nikiwa na viatu. Mtu ameacha kazi yake, amekaa juani, amepimwa macho ya mtu mwingine, na anaambiwa amechelewa.

Jumatano sikusema naye. Mzee wa chumba cha mbele akajipa kazi ya kupeleka maneno, ingawa kati ya cherehani yangu na jiko lake ni hatua tatu na kila mmoja anamsikia mwenzake akipumua.

"Anasema kitumbua chako hiki hapa," mzee akanijia.

"Mwambie ale mwenyewe."

Akageuka. "Anasema ule mwenyewe."

"Nimesikia," shoga yangu akasema. "Mwambie kuna mtu anataka kunitoa macho, na bado namwekea kitumbua."

"Nani anataka kukutoa macho?" nikauliza, nikasahau kwamba nimenuna.

"Si ndivyo wanavyofanya? Wanalitoa, wanaliosha kwenye bakuli, wanalirudisha. Na kuna mtu pale bandarini walimrudishia limegeuka nyuma."

Nilimtazama mzee. Mzee akaongeza sauti ya redio. Nikaenda nikaizima.

"Wewe ndiye uliyemwambia hayo?"

"Mimi nilimwambia nilichosikia."

"Ulisikia wapi?"

"Watu," akasema. "Watu wanasema."

Nilimwambia maneno ambayo mwanamke wa umri wangu hapaswi kumwambia mtu mzima aliyemzidi miaka kumi, na wapita njia wawili wakasimama kusikiliza. Kisha nikamfuata shoga yangu, maana alikuwa ameinuka kimyakimya na kuelekea uani, na safari hii nilikusudia kumaliza.

Alikuwa ameinama kwenye bomba, anaosha kile chuma cha vitumbua. Kanga ilimteleza begani nikaona mkono wake wa kulia. Kutoka kwenye kifundo kwenda juu, karibu na kiwiko, ngozi ilikuwa imebabuka, amepaka dawa ya meno ikakauka juu yake kama chokaa.

"Hii ni lini?"

Alijaribu kuufunika. "Mafuta tu."

"Nakuuliza ni lini?"

"Wiki iliyopita." Akakaa kwenye ukingo wa karo. Akawa anausugua ule mkono pembeni ya kidonda. "Mama yangu alipofuka mimi nikiwa na miaka kama kumi hivi. Mimi nashika fimbo upande huu, yeye upande ule, tunaenda kisimani, tunaenda shamba. Unajua watu walikuwa wanafanyaje? Walikuwa wananisalimia mimi. Mtoto! Yeye wanampita. Kama vile mtu asiyeona hasikii."

Nikakaa karibu naye.

"Nikisema sioni," akaendelea, "binti yangu atakuja siku hiyo hiyo. Atanipeleka kwake Mbagala anikalishe kwenye kochi. Mtoto mzuri yule, hatanitesa. Atanipakulia chakula, ataniongoza chooni. Lakini hapa, shoga, mafuta yakiwa tayari yanaimba, nayasikia. Kitumbua kikiiva harufu inabadilika. Wateja nawajua kwa viatu vyao, kwa vikohozi. Hapa mimi ni mama vitumbua. Kule nitakuwa nani?"

Laiti ningesema hasira zilinipoa. Hazikupoa, ila zilikosa pa kukaa. Miezi mingi mtu huyu alikuwa anageuza vitumbua kwenye mafuta ya moto kwa kusikiliza, mimi nipo hatua tatu pembeni naimba nyimbo za kanisani, sijui kitu.

"Ungeniambia," nikasema.

"Ungenyamaza?"

Sote tulijua jibu lake.

Jioni ile alikubali, kwa masharti. Binti asiambiwe mpaka mambo yaishe. Mzee aende nasi ili auone uongo wake kwa macho yake. Na wateja wasikute kibaraza kitupu, kwa hiyo, kwa kuwa mkono wake mbovu na mimi ndiye mwenye haraka, vitumbua vya Alhamisi nivichome mimi.

Sijawahi kuchoma vitumbua maishani. Kwetu tunapika ndizi. Alikaa nyuma yangu kwenye kigoda, kanga imefungwa kifuani, kama mwalimu mkuu.

"Usimimine. Mafuta hayajaimba."

"Yanafuka moshi tayari."

"Sijauliza moshi. Nimesema hayajaimba!"

Nikamimina. Vya kwanza viling'ang'ania chumani nikavitoa vipande vipande. Vya pili viliiva nje, ndani uji. Uji wenyewe ulinirukia kwenye blauzi. Mteja mmoja, mbeba mizigo wa sokoni ambaye nadhani amekula hapo tangu alipoingia mjini, alitafuna cha tatu taratibu, akasimama, akatafuna tena. "Mama," akamuuliza yeye, akinipita mimi, "leo mmebadilisha mapishi?"

"Leo kapika Mchaga," akamwambia. "Nivumilieni."

Mzee alitoka chumbani saa tatu amevaa koti la suti na kofia yake ya Idi, amejipaka mafuta usoni, kana kwamba tunaenda kuposa. Katika bajaji alikaa katikati yetu, akanyamaza njia nzima, jambo ambalo halijapata kutokea.

Nesi wangu aliniona kutoka mbali. "Leo umekuja na mgonjwa halisi?"

"Mshike mwanangu, asikuponyoke."

Daktari alikuwa mwanamke, tena kijana. "Shikamoo mama," akamwambia.

"Marahaba, mwanangu."

"Hali hii umekaa nayo tangu lini?"

"Tangu juzi."

Nikakohoa.

"Mwaka juzi," akasema.

Alimulikwa jicho hili, akamulikwa lile. Mtoto wa jicho, macho yote mawili. Watapasua la kulia kwanza kwa kuwa ndilo baya, la kushoto litafuata baada ya miezi kadhaa. Kidonda cha mkono kikasafishwa kikafungwa. Nikaanza kushukuru Mungu moyoni, ndipo wakampima presha. Ilikuwa juu. Daktari akatikisa kichwa: leo haiwezekani. Akapewa dawa, akaambiwa apumzike, aache chumvi, aache ugomvi, arudi kesho asubuhi. Ikiwa imeshuka watampasua. Ikiwa haijashuka, kesho ndiyo siku ya mwisho, itabidi kusubiri wakija tena, na lini watakuja tena hakuna aliyejua.

Chumvi aliacha.

Nilipokuwa namalizia gauni la tano alikuwa anabishana na mzee juu ya nani aliacha bomba wazi. Nilipokuwa kwenye la sita walikuwa wanabishana kama Lindi ni mbali kuliko Mtwara. Nilitoka na mkasi mkononi nikawaambia atakayefungua mdomo tena kabla ya kesho nitamshonea midomo. Wakanyamaza. Baada ya muda nikamsikia akimwambia mzee kwa sauti ya chini, "Mtwara ndiko mbali."

Ijumaa asubuhi presha ilikuwa bado juu, na ni kosa letu. Tukiwa kwenye benchi tulizozana kuhusu kama alimeza dawa mbili au moja. Yeye anasema mbili, mimi nilimwona akimeza moja, mzee anasema aliona kikopo tu. Nesi alisimama akatusikiliza na kipimo mkononi.

"Mama na baba," akasema, akituonyesha mimi na mzee, "shikamooni. Ninyi ndio mnampandisha presha. Tokeni nje."

Tukatoka kama watoto waliofukuzwa darasani. Yeye akalazwa kwenye kitanda peke yake, chumba kimetulia, na bila sisi presha ikashuka ndani ya saa moja. Sijui hata nifurahi au niumie.

Nilikuwa nimebeba magauni mawili ya mwisho kwenye mfuko. Nikakaa kwenye benchi pale nje, nikapindua pindo kwa mkono, maana nisipofanya hivyo ningechanganyikiwa. Mzee aliketi karibu yangu, kofia magotini.

"Mimi waliniandikia kupasuliwa ngiri," akasema ghafla.

"Lini?"

"Kabla ya mfungo uliopita. Nikafika mlangoni, nikageuza. Tangu hapo nikisikia habari ya mtu aliyeharibiwa hospitali naishika. Naiweka. Ikinijia hofu, najiambia, unaona, ulifanya vizuri." Aliizungusha kofia. "Sikujua kwamba na yeye atazichukua."

Nilimtazama. Koti lilikuwa kubwa kwake. Lilikuwa la mwili aliokuwa nao zamani. Nilitaka kumhurumia, na kweli nilimhurumia kidogo, lakini zaidi nilichoka. Kumbe nikishamaliza huyu nina mwingine.

"Ukitoka kuswali Ijumaa," nikamwambia, "pitia dirisha la mapokezi uulize siku ya ngiri."

"Inshallah," akasema.

"Usiniletee inshallah!"

Mtu aliyekuwa amelala benchi la pili akaamka.

Walimtoa mchana, jicho limefunikwa kitambaa na plasta, anatembea mwenyewe, nesi amemshika kiwiko tu. Alikuwa anaongea tangu ndani. "Yuko wapi?" akauliza. Mzee akasogea. Shoga yangu akanyoosha kidole, akamkosa kidogo, akakirekebisha. "Hawakulitoa. Limekaa palepale. Nilikuwa macho nasikia kila kitu, daktari ananiuliza habari za vitumbua. Mwongo mkubwa wewe!"

"Alhamdulillahi," mzee akasema, na machozi yakamtoka mbele za watu.

Jumamosi asubuhi tulirudi wawili. Daktari, aliyebaki siku moja zaidi kuwakagua waliopasuliwa, alibandua plasta polepole, akamsafisha, akamwambia afumbue. Alifumbua. Alimtazama daktari, akatazama dirisha, akatazama mikono yake mwenyewe akiigeuza huku na huku. Kisha akanigeukia. Nilikuwa nimejiandaa kulia.

"Blauzi yako ina uji wa vitumbua," akasema. "Umekuja nayo hivyo njia nzima?"

Ni kweli. Kwa mbiombio za wiki nilikuwa nimevaa blauzi ile ile ya Alhamisi.

Tulipofika nyumbani wenye sare walikuwa wananisubiri, wanawake watatu wa kamati, wamesimama kibarazani wanajipepea. Nikatoa magauni manane, yamepigwa pasi, nikayapanga kwenye kamba. Kwa mara ya kwanza wiki ile nilijisikia mtu mwenye kazi yake. Shoga yangu, amevaa ile miwani myeusi aliyopewa, akapita taratibu akiyashika moja baada ya jingine, akiyainua, akiyasogeza usoni. Kwenye gauni la saba akasimama.

"Shoga," akasema. "Mbona pindo hili limeshonwa kwa uzi wa kijani?"

Wanawake wa kamati wakasogea. Nikalichukua gauni nikalitoa juani, nikaliweka mbali na uso, nikalivuta karibu. Lilikuwa kijani. Na la nane lilikuwa kijani. Hayo ndiyo niliyoyashona benchini hospitali, nikimsubiri yeye.

Sijui nilitaka kumnyonga yeye au kujinyonga mwenyewe. Mwanamke ambaye wiki iliyopita hakutofautisha mtu na plastiki ananihukumu kwenye kibaraza changu, mbele ya wateja wangu, na yuko sahihi! Niliyafumua yote mawili nikayashona upya, yeye akiwa amenikalia ubavuni ananionyesha uzi wa bluu ni upi, na wale wanawake wakila vitumbua vya binti yake.

Maana binti alikuwa amefika. Nilimpigia simu mwenyewe Ijumaa tukitoka hospitali, na aliwasha moto juu yangu kwa kufichwa, nikaupokea. Alikuja na begi, tayari kumchukua mama yake Mbagala. Walizungumza uani kwa muda mrefu, mimi nikiwa kwenye cherehani nimetega sikio bila aibu. Mwishowe ikawa hivi: moshi umekatazwa kwa wiki kadhaa, kwa hiyo binti atakaa hapa, atachoma yeye, na mama atakaa kwenye kigoda. Binti huyo vitumbua anavijua tangu utoto. Havikung'ang'ania hata kimoja. Nilisemwa kwa hilo pia.

Jioni, wenye sare walipokuwa wameondoka na mgongo wangu ukiwa kama ubao, nilitaka kuingia ndani nijinyooshe. Akaniita. Alikuwa amekaa kibarazani, uso ameuinua juu, ng'ambo ya barabara.

"Hili limeota lini?"

Alikuwa anaonyesha ghorofa la kitambaa. Tunaliita hivyo kwa maduka ya kitambaa yaliyo chini yake. Pale palikuwa na nyumba kama yetu, ikavunjwa, wakajenga kwa muda mrefu sana, kelele na vumbi kila siku, yeye akilalamika kuliko wote.

"Si uliwasikia wakijenga? Ulikuwa unawatukana."

"Niliwasikia. Lakini sikuwaza limefika huko." Alianza kuhesabu kwa kidole, akapotea kwenye ya nne au ya tano, akaanza upya. Akapotea tena. Nikamhesabia. Akataka nimsomee na mabango, hili linasema nini, na lile la juu lenye picha ya simu. Nikamsomea yale niliyoweza kuyaona.

Kivuli cha ghorofa kilikuwa kimeshavuka barabara na kupanda juu ya kibaraza, kimefika kwenye magoti yetu.

"Unajua," akasema, "mimi nilikuwa naona jioni inaingia mapema. Kila siku saa kumi tu, giza. Nikajua ndiyo macho yanakwisha. Nilikuwa nakaa hapa nalia, wewe unashona." Akavua miwani, akatazama juu tena, kule jua lilipokuwa limezibwa. "Kumbe ni hawa."

"Ni hawa," nikasema, "na ni macho pia. Vaa miwani."

"Ni hawa zaidi."

"Vaa miwani, mwanamke!"

Akaivaa. Kisha akaniuliza kama nina habari mwenye lile ghorofa anaitwa nani, maana alitaka kesho aende kumsema.